Udongo Jukwaani

Mhadhara kwa walimu, wazee na wapenzi wa sanaa, Tunduma, mkoani Songwe

 

Nimeombwa nizungumzie sanaa za maonyesho na urithi wetu, nami nimeamua kuingia kwa mlango wa udongo. Nitaanzia Roma ya kale, nisikae sana huko, kisha nitavuka nanyi hadi Nakonde, upande wa Zambia, kwa miguu kama wengi wenu mnavyovuka kila siku kwenda sokoni na kurudi. Hoja yangu naitaja mapema ili asiwepo wa kuitafuta. Kinyago cha udongo kilichozaliwa na maonyesho hakielezeki kwa kukitazama. Hueleweka pale tu unapouliza nani alikishika, aliimba nini akiwa amekishika, na kilipomaliza kazi kilipelekwa wapi.

Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kuna visanamu vya udongo wa kuchoma vyenye kimo cha shibiri moja hivi au pungufu. Wanaofuatilia tamthilia za kale wanakifahamu sana kimojawapo: mtumwa aliyeketi juu ya madhabahu. Kanzu yake ni fupi, tumbo limetuna kwa vitambaa vilivyoshindiliwa ndani ya nguo, mguu mmoja ameupitisha juu ya mwingine, na kinywa chake ni kipana kuliko kinywa cha binadamu yeyote. Kinywa hicho ni cha barakoa. Hapo ndipo tunapojua kwamba fundi hakufinyanga mtumwa, alifinyanga mwigizaji anayecheza mtumwa.

Kwa nini kakaa madhabahuni? Kafanya hila. Kamlaghai bwana wake, hila imefichuka, naye kakimbilia mahali ambapo dini inakataza mtu kukamatwa. Plautus, mtunzi wa Kirumi aliyefariki yapata mwaka 184 kabla ya Kristo, alilitumia tukio hilo katika tamthilia yake Mostellaria. Mtumwa Tranio anapanda madhabahuni na kujibizana na mzee aliyetapeliwa, na mzee amejaa hasira lakini mikono yake imefungwa na sheria ya miungu. Mtazamaji wa Roma alipokiona kisanamu kile hakuhitaji maelezo. Kicheko alikuwa amekwisha kuangua tangu siku ya maonyesho.

Kiufundi kazi yenyewe ilikuwa ya haraka. Fundi alikuwa na kalibu mbili, ya mbele na ya nyuma. Aliugandamiza udongo laini ndani ya kila moja, akaviunganisha vipande, akaacha uwazi ndani na tundu la kutolea hewa ili kitu kisipasuke tanuruni. Alikipaka nyeupe, na baada ya kuchoma akaongeza nyekundu, nyeusi na rangi nyingine juu yake. Kwa kuwa rangi ilipakwa baada ya moto, nyingi imebanduka, na ndiyo maana vile tunavyoviona leo vina sura ya udongo mtupu. Kalibu moja ilitoa mtumwa mmoja mara nyingi, kwa hiyo hii ilikuwa bidhaa ya sokoni. Watu walinunua wakaweka nyumbani, wengine wakazikwa navyo. Huko Myrina, kwenye pwani ya nchi inayoitwa leo Uturuki, Wafaransa walifukua maelfu ya makaburi kati ya mwaka 1880 na 1882, na miongoni mwa visanamu vilivyotoka humo walikuwemo waigizaji.

Jukwaa lenyewe halikudumu. Plautus hakuwahi kuona jumba la mawe la maonyesho jijini Roma. Majukwaa ya wakati wake yalikuwa ya mbao, yakisimamishwa kwa ajili ya sikukuu na kubomolewa ikiisha. Jumba la kwanza la kudumu la mawe lilijengwa na Pompey mwaka 55 kabla ya Kristo, zaidi ya karne moja baada ya kifo cha mtunzi huyo. Maneno nayo yalipotea kwa wingi. Menander, Mgiriki ambaye Warumi walimwiga sana, aliandika tamthilia zaidi ya mia moja, na dunia ya sasa ilibaki bila hata moja iliyo karibu na kukamilika hadi Dyskolos ilipopatikana kwenye mafunjo ya Misri na kuchapishwa mwaka 1958. Wakati huo visiwani Lipari, kaskazini mwa Sicily, makaburi yalikuwa yamehifadhi mamia ya barakoa ndogo na visanamu vya udongo vya wahusika wa komedia. Sura zilikuwepo, maneno hayakuwepo.

Naomba dakika moja kwa ajili ya Terentius, aliyekuja baada ya Plautus. Waandishi wa kale wanasema alizaliwa Carthage, Afrika ya Kaskazini, akapelekwa Roma akiwa mtumwa, akasomeshwa na kuachwa huru na bwana wake. Tamthilia zake ni sita na zote tunazo. Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa alisimama katikati ya Roma akawachekesha mabwana kwa visa vya watumwa wanaowazidi mabwana akili. Katika masomo yetu ya fasihi jina lake ni nadra kusikika, na mimi naona hilo ni hasara. Haya, tuondoke Roma.

Mpaka tunaoukanyaga hapa Tunduma ulichorwa Ulaya mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mkataba. Wanyamwanga walijikuta pande zote mbili bila kuhama hata hatua. Ukishavuka Nakonde na kushika barabara ya kusini kuelekea Isoka na Chinsali, unaingia nchi ya Wabemba. Huko, mwaka 1931, mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards alihudhuria chisungu, unyago wa wasichana, tangu mwanzo hadi mwisho. Ilichukua siku 23. Wazee walimwambia kwamba zamani ilichukua miezi.

Wabemba husema chisungu huchezwa. Anayekiongoza ni nachimbusa, mwanamke mtu mzima mwenye heshima, mara nyingi mkunga pia, anayejua nyimbo, hatua za ngoma, na mbusa. Mbusa ni vitu vinavyoonyeshwa kwa mwali, na Richards alivihesabu vya udongo peke yake zaidi ya 40, bila michoro ya ukutani. Vipo vidogo vya kuchomwa ambavyo nachimbusa huvitunza. Vipo vikubwa visivyochomwa, vinavyofinyangwa sakafuni ndani ya nyumba ya chisungu, vikapambwa kwa chokaa, masizi, rangi nyekundu na mbegu. Kina mama wanaweza kushinda siku nzima wakifinyanga nyoka mmoja mkubwa. Jioni mwali huletwa, nyimbo huimbwa, kina mama hucheza kukizunguka kitu kile, na usiku huo huo kinabomolewa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Wamagharibi wengi waliosoma habari hizo walishangaa kwa nini kazi ya siku nzima ivunjwe baada ya saa chache. Mtu wa maonyesho hashangai. Hata mandhari ya jukwaani yaliyojengwa kwa mwezi mzima hubomolewa tamthilia ikiisha, na hakuna anayelia. Nyoka yule hakufinyangwa ili awepo. Alifinyangwa ili achezewe, na kazi yake ilikamilika katika ule wimbo.

Sasa tuangalie wahusika wenyewe. Yumo mwanamke mjamzito mwenye mtoto mgongoni, anayemkumbusha mwali hatari ya kubeba mimba kabla mtoto hajaacha ziwa. Yumo mwanamume asiye na mikono. Huyu ni mume ashindaye nyumbani, jembe hashiki, shoka hashiki, anangoja usiku uingie. Sehemu nyingine za mwili wake zimetiwa chumvi kwa namna ambayo kina mama waliomo humu wanaijua, na mimi sitaieleza mbele ya wakwe. Wapo kobe, mamba, simba na ndege, na kila mmoja ana tabia yake na wimbo wake. Hakuna hata mmoja ambaye ni mtu fulani wa kijiji fulani. Ni aina za watu: mvivu, mchoyo, mzembe, asiyejua kutunza siri.

Mtumwa wa madhabahuni naye hakuwa mtu fulani. Komedia ya Kirumi ilisimama juu ya watu wa namna hiyo: mzee bahili, kijana aliyepofushwa na mapenzi, askari mwenye majigambo, mtumwa mjanja. Mtazamaji aliiona barakoa tu akajua ni nani kaingia. Pollux, msomi wa karne ya 2, aliorodhesha barakoa 44 za komedia, kila moja kwa umri wake, nywele zake na nyusi zake. Hiyo 44 na ile 40 na ushee ya Richards hazihusiani kwa lolote, wala sisemi kwamba Wabemba walifika Roma au Warumi walifika Chinsali. Nasema kwamba jamii mbili zilizotaka kumcheka mtu bila kumtaja jina zilifikia mbinu moja.

Ila kuna tofauti kubwa, na kwangu mimi ina uzito kuliko ulinganifu. Kisanamu cha Roma kilikuwa nje ya maonyesho. Kiliuzwa pembeni, kikakumbusha. Mwigizaji alikuwa mtu mwenye mwili na sauti, na udongo ulimfuata nyuma. Katika chisungu udongo uko ndani. Unashikwa, unainuliwa, unapokezanwa kwa heshima kutoka mkubwa hadi mdogo, unaimbiwa. Ukiuondoa hakuna tendo. Kwa hiyo ukiniuliza kipi kati ya viwili hivyo kina haki zaidi ya kuitwa kifaa cha jukwaani, nitakuelekeza kusini mwa Nakonde.

Mbusa hazina maana moja. Richards aliwauliza wanawake mbalimbali maana ya kitu kile kile akapewa majibu mbalimbali. Vijana walijua la juu juu, wengine walijua wimbo bila kujua unahusu nini, na nachimbusa mzoefu alijua tabaka juu ya tabaka. Msomi mwingine angeona hapo vurugu. Yeye, kwa sifa yake, aliona kwamba hivyo ndivyo elimu hiyo ilivyopangwa. Mwali haelezwi yote siku ya kwanza. Anapewa kitu na wimbo, na ataendelea kuufungua wimbo huo akiwa mke, akiwa mama, akiwa bibi, mpaka siku atakapoongoza chisungu cha mwingine.

Kitabu chake, Chisungu, kilichapishwa London na Faber and Faber mwaka 1956. Mwaka huo huo wachapishaji hao hao walitoa kitabu kingine juu ya vinyago vya udongo, safari hii vya Tanganyika. Mwandishi wake alikuwa Hans Cory, Mwaustria mzaliwa wa Vienna aliyefika Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na baadaye akawa mtafiti wa jamii wa serikali ya Tanganyika. Alikusanya vinyago vya jando na unyago, hasa vya kaskazini mashariki, kwa Washambaa, Wazigua na Wanguu, na mkusanyo wake ukapelekwa kwenye makumbusho ya Dar es Salaam. Mengi yanaweza kulaumiwa katika utafiti wa watumishi wa ukoloni, na kina mama na wazee waliomwonyesha vitu hivyo hawakuulizwa kama vichapishwe Uingereza. Lakini jambo moja alilifanya sawasawa: picha ya kinyago hakuiacha peke yake, aliweka wimbo wake na maelezo yake pamoja nayo. Angechapisha picha tupu, leo tungekuwa na kitabu kizima cha vibonge vya udongo.

Wasomi wetu walilisema hili kwa Kiswahili zamani. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho, na humo ngoma, jando, unyago na utambaji wa hadithi vilihesabiwa kuwa maonyesho kamili, visivyosubiri jukwaa la mbao wala tiketi. Wamakonde na mapiko yao, ngoma za barakoa, hawakuhitaji kuambiwa. Tatizo ni kwamba tumelikubali vitabuni, huku mitaani bado kinyago cha unyago kikionekana mtu anauliza kama ni uchawi.

Swali hilo lina historia. Hapa Mbozi, mmisionari wa Kimoravia Traugott Bachmann, aliyekaa na Wanyiha tangu mwisho wa karne ya 19, alianza kwa kukataza mila nyingi, na miaka ilivyopita akaanza kuziheshimu. Upande wa pili wa mpaka, padri Mkanada Jean-Jacques Corbeil wa White Fathers alikwenda mbali zaidi. Alikusanya mbusa na kujifunza nyimbo zake, na mwaka 1982 akachapisha kitabu juu yake. Mkusanyo wake uko Mbala, magharibi yetu, katika Makumbusho ya Moto Moto. Kanisa lililowahi kuwafukuza kina nachimbusa ndilo lililowatunzia vyombo vyao. Mwalimu wa historia anayetafuta mfano wa jinsi watu wanavyobadilika asiende mbali.

Ila Mbala nako kuna kioo. Mbusa zimepangwa, zina vibao, na nyumba iko kimya. Simlaumu padri. Bila yeye nyingi zisingeonekana. Lakini hapo mbusa imegeuka kuwa kile kisanamu cha Roma: imetoka kwenye maonyesho na kuwa kumbukumbu ya maonyesho. Tofauti ni kwamba waigizaji wa Plautus walikufa zamani, na kina nachimbusa wapo. Wengine wanaalikwa kwenye kicheni pati, Lusaka na hapa mpakani, wakimfunda bi harusi kwa usiku mmoja mambo ambayo bibi zao walichezea kwa wiki tatu.

Mkoa wetu, tangu ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, umekuwa ukitafuta vya kuwaonyesha wageni. Tunacho kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, chuma cha angani kinachokadiriwa kufikia tani 16 hivi. Ni kitu cha ajabu na nakipenda, ila hakuna mtu wa Songwe aliyekitengeneza. Yapo malungu ya Wanyiha, matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaliyokuwa na miiko na nyimbo zake. Kuna Ivuna, wilayani Momba, ambako wanaakiolojia walifukua katika miaka ya 1960 mabaki ya kazi ya chumvi ya karne nyingi zilizopita, vigae vya vyungu vikiwa tele. Watu wa huku wanaujua udongo. Sioni kwa nini ustadi huo usihesabiwe katika sanaa za maonyesho, kama unavyohesabiwa katika akiolojia.

Najua kuna watakaosema, basi tujenge chumba Vwawa, makao makuu ya mkoa, tuombe vinyago, tuviweke kwenye kabati la vioo karibu na picha ya kimondo. Mimi napinga, au tuseme naomba tusianzie hapo. Tuanze na sauti. Wanaojua nyimbo wakubali wenyewe kurekodiwa, waseme ipi isikike hadharani na ipi ibaki kwa wanawake, na wakisema hapana iwe hapana. Sehemu ya elimu hii ni siri, na siri hiyo si ushamba. Ndiyo inayomfanya mwali ajue kwamba amevuka. Baada ya sauti uje udongo, na uje mbichi. Mfinyanzi akae mbele ya hadhira, afinyange wakati nyimbo zinaimbwa, wanafunzi waone kobe akiota miguu. Kisha wenye kazi waamue kama kitachomwa au kitarudi kuwa tope. Kwa walimu wa fasihi hilo lingekuwa somo la wahusika bora kuliko kurasa nyingi za maelezo, na Plautus angeweza kusomwa kando yake bila kuonekana mgeni.

Na kuna jambo la fedha ambalo wenzangu wa sekta ya utamaduni hulipitia haraka. Katika chisungu alichokiona Richards, nachimbusa hakufanya kazi bure. Ndugu wa mwali walitoa malipo hatua kwa hatua, madogo lakini ya lazima, na hatua isiyolipiwa haikufunguliwa. Sisi tumezoea kuwaita kina mama kwenye sherehe za serikali, wacheze juani saa tatu, tuwape soda na fulana. Kama tutaandaa maonyesho ninayoyasema, basi malipo ya mama huyo yaandikwe kwanza kwenye bajeti, kabla ya maturubai na vipaza sauti.

Nimesema ya kutosha kwa mtu ambaye hajawahi kuruhusiwa kuingia ndani ya nyumba ya chisungu. Mwenyekiti, naomba maswali yaanzie kwa kina mama waliokaa nyuma, kwa sababu wamecheka mahali ambapo mimi sikuwa nimekusudia kuchekesha.